Nani Amemwona Dinny Garvan?

Ballyvorna, Ayalandi
9 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Velma,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kidogo, na natumaini barua hii itawakuta wewe na mpwa wangu Natasha mkiwa na afya njema huko Brooklyn Center. Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu tukianza habari za shamba tunamaliza kwa kukatiana, na mimi nimechoka kukatiwa na dada yangu wa pekee. Baba mdogo ameshauza, mahindi ya watu yamepandwa hadi juu ya kaburi la mama, na sisi tunagombana ni nani alipaswa kubaki nyumbani Chwele kulinda. Basi, yaishe.

Leo nataka kukueleza habari za timu yangu. Najua utacheka. Ballyvorna Rovers ilianzishwa mwaka 1931 na watu wa machimbo ya mawe, na uwanja wetu umeinama kuelekea mtoni hadi leo, kwa hiyo kila mechi mtu mmoja husimama ukingoni na wavu wenye mpini mrefu kuopoa mipira. Katika miaka yote hiyo tumechukua kombe moja tu, mwaka 1957. Golikipa aliitwa Dinny Garvan. Alipangua penalti ya mwisho, akabebwa juu juu hadi kanisani, na mwezi uliofuata akapanda meli kwenda Amerika. Alifanya kazi machinjioni huko South Saint Paul. Akafa 1963, wakati wa baridi, akazikwa Saint Paul. Golikipa, mkata nyama, yuko ugenini, sawasawa na mimi. Unaona kwa nini nampenda?

Timu hii ina desturi moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba wachezaji wote, wazee kwa vijana, husimama duara katikati ya uwanja, yanasomwa majina ya marehemu wa timu, na kila jina likitajwa huulizwa, “Nani amemwona?” Aliyefika kwenye kaburi lile mwaka huo hujibu, “Nimemwona.” Hakuna kuonyesha ushahidi. Neno lako linatosha. Likifika jina la Dinny, kimya. Kila mwaka kimya. Mdogo wake, mzee Packy, ndiye anayesoma majina, naye huinamisha kichwa, halafu anaendelea na jina linalofuata.

Dada, wewe uko huko huko. Nenda umwone kwa niaba yetu.

Mdogo wako,
Gilbert


Brooklyn Center, Minnesota
28 Julai 2024

Ndugu yangu Gilbert, Kuka wangu,

Salamu sana. Ulipewa jina la babu Wanjala, kwa hiyo hata ukiwa mtu wa kudakia Wazungu mipira mimi nitakuita Kuka, babu, na nitakuamkia kwa heshima. Shikamoo. Sisi tu wazima. Natasha ameota miguu mirefu, kila kiatu ni kidogo. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri sana, halafu ananijibu kama mtangazaji wa CNN.

Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu jikoni. Yaani mtu mzima wa miaka thelathini na nane, unajitupa matopeni mchana kutwa, eti kwa ajili ya timu iliyochukua kombe kabla mama hajazaliwa! Mgongo utakosaje kuuma? Paka dawa, uache sifa.

Huyo Dinny wako nitamwona. Makaburi ya Wakatoliki yako upande wa Saint Paul, na kila siku nikienda kazini Eagan napita barabara ya karibu. Ila nikuambie ukweli, Kuka, natoka kwa hawa wazee ninaowatunza nimewageuza, nimewaogesha, nimewalisha, nimewapima, hata miguu siijui kama ni yangu. Wiki hii mmoja alinishika mkono hadi akakata roho, na watoto wake walikuwa bado njiani. Halafu unitume kwa mfu mwingine! Lakini nitaenda. Nimesema.

Na usianze tena kuhusu shamba.

Dada yako,
Velma


Ballyvorna
15 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Hujambo? Natasha hajambo? Mimi naendelea vizuri. Nimeacha kudaka. Nimemwachia glavu kijana wa hapa, maana nikilala chini naamka kwa shida. Sasa kazi yangu ni kupiga chokaa mistari ya uwanja, na siku nikichoka nasimama mtoni na ule wavu. Suruali zote zimekuwa za mtu mwingine, mkanda umefika tundu la mwisho. Chakula cha hapa kimenichosha, si unajua, viazi, viazi, viazi.

Mzee Packy nimemwambia kwamba dada yangu anapita karibu na kaka yake kila siku. Akaniuliza, “Kila siku?” Akanisimulia jinsi mama yao alivyokuwa akiweka sahani ya Dinny mezani hadi siku alipoletewa habari. Paroko wa huko ndiye aliyeandika. Hakuna mtu wa kwao aliyeweza kwenda, ilikuwa mbali na hawakuwa na uwezo. Mama yao alikufa akiuliza kama mwanawe alizikwa na soksi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhisi baridi miguuni.

Novemba inakaribia, Dada. Nakukumbusha tu.

Mdogo wako,
Gilbert


Brooklyn Center
20 Oktoba 2024

Kuka wangu,

Salamu. Sisi wazima, tumechoka tu. Naandika kwa haraka, zamu inaniita.

Nimemwona Dinny wako. Nilisimama kwake, nikasali Baba Yetu yote, nikamwachia maua. Pahali penyewe ni pazuri, kuna mti, na majani yameanza kuwa mekundu. Picha ndiyo hiyo nimeiweka ndani ya bahasha. Maandishi kwenye jiwe yamefutika kwa uzee, lakini ndiye. Wasalimie Rovers wote.

Pole na mgongo. Kula vizuri.

Dada yako,
Velma


Ballyvorna
8 Desemba 2024

Dada yangu,

Natumaini wewe na mtoto hamjambo. Huku kumeingia baridi.

Nataka kukusimulia Jumapili ile ya Novemba ilivyokuwa. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wamejaa hadi kwenye mistari niliyoipiga mwenyewe asubuhi. Packy akasoma, “Dinny Garvan. Nani amemwona?” Nikajibu, “Dada yangu Velma amemwona.” Kisha mwanaume mmoja akaanza kulia, na mwingine, watu wa machimbo hao, mikono kama koleo. Packy alishindwa kuendelea na majina, ikabidi mtu mwingine ampokee karatasi. Nikampa ile picha aende nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu nikiwa kwenye geti la uwanja, akanirudishia. Akasema polepole, “Gilbert, kijana wangu, huyu si Dinny. Paroko alituandikia wakati ule kwamba hakuwekewa jiwe. Yuko kando ya uzio na kibao cha namba tu. Lakini mshukuru dada yako kwa kusimama mahali penye baridi.” Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Hakumwambia mtu mwingine, nami sikumwambia. Kila mtu hapa bado anafurahi, ananipiga bega. Inaniuma, Velma. Ungesema umeshindwa kwenda, ningekuelewa. Hukuombwa picha.

Mdogo wako,
Gilbert


Ballyvorna
2 Februari 2025

Dada mpendwa,

Sijapata jibu. Simu pia hushiki. Natumaini ni aibu tu na si ugonjwa, kwa maana aibu inapona.

Mimi sijambo, nilitaka kuandika hivyo kama kawaida, lakini nimechoka kukuandikia hivyo. Ni ini, Dada. Saratani. Niliijua kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Daktari hazungumzi tena habari za dawa, anazungumza habari za kunipunguzia maumivu. Sikukuambia kwa sababu najua ungetaka kuja, na najua karatasi zako za uhamiaji zilivyo.

Nikifa nitazikwa hapa Ballyvorna. Usipige kelele kwanza, nisikilize. Unirudishe Chwele kwa nani? Kwa baba mdogo? Nyumbani kwetu mtu akipotea akakosekana mwili, watu huzika mgomba badala yake. Sisi hata pa kuzika huo mgomba hatuna. Hapa wamenipa nafasi kando ya ukuta wa makaburi, unaona goli la juu kutoka pale. Nimekwenda kupaona.

Sasa nikuambie kwa nini nilikutuma kwa Dinny. Packy ni sababu, ndiyo, nilimhurumia. Lakini zaidi nilitaka kujua kama mtu aliyezikwa ugenini, ambako hana wa kwao, anaweza kutembelewa. Nilitaka kujua kabla sijaenda kulala huko mimi mwenyewe. Ulipoandika umemwona, nililala usingizi mzuri kwa siku nyingi.

Sikulaumu. Ila naogopa, Dada. Naogopa sana.

Mdogo wako,
Gilbert


Brooklyn Center
23 Februari 2025

Gilbert, Kuka wangu, mtoto wa mama yangu,

Sijui niulize hali gani. Barua yako niliisomea ndani ya gari, nje ya kazini, na sikuingia kazini siku hiyo. Mimi ninayewapima watu uzito kila wiki na kuandika nani amekonda, wewe unaniandikia tundu la mwisho la mkanda, halafu mimi nakujibu ule vizuri! Nimejipiga kifua hadi Natasha akaogopa.

Ile picha niliipiga kwenye makaburi yaliyo nyuma ya kituo cha mafuta, nikiwa na sare ya kazi. Sina cha kujitetea. Nilichoka, na nikaona mfu ni mfu.

Wakili nimemuuliza. Nikitoka nje ya nchi kesi ya karatasi zangu ikiwa bado mahakamani, nimetoka moja kwa moja, na Natasha anabaki huku. Nimemuuliza tena kwa njia nyingine, jibu ni lile lile. Mchungaji Eliakim anasema kanisa litakusafirisha, nami nikamwambia kama ulivyoniambia wewe, kumsafirisha wapi?

Sasa nisikilize na wewe. Jumamosi nilikwenda. Mwanamke wa ofisi ya makaburi alitafuta jina kwenye mashine hadi akalipata, akanichorea njia. Theluji ilikuwa magotini. Natasha alikuja nami, akasimama anatetemeka, “Mum, who even is this guy?” Nikamwambia, “Ni golikipa wa timu ya mjomba.” Akainama tukachimba pamoja, yeye kwa mikono, mimi kwa kile kikwaruzo cha kioo cha gari. Tulifukua namba za watu wengi kando ya ule uzio kabla ya kuipata yake. Kibao kidogo cha saruji, hata sahani ya chai ni kubwa. Nilitaka kukuchukulia udongo lakini ardhi imeganda kama nyama ya kiwandani kwenu. Nikavua soksi zangu za sufu, nikazilaza juu ya kile kibao. Mwambie Packy. Mwambie Dinny ana soksi.

Anaweza kutembelewa, Kuka. Umesikia? Amekaa pale miaka yote hiyo, na ametembelewa na watu wa Chwele ambao hata hawamjui. Nawe utatembelewa. Usiogope. Nitakuja karatasi zikitoka, hata kama ni uzeeni, nitakuja.

Shika simu nikikupigia. Sitasema habari za shamba.

Dada yako,
Velma


Saint Paul
2 Novemba 2025

Kuka wangu,

Leo sikuulizi hali.

Nakuandikia nikiwa kwenye gari, nje ya makaburi. Barua hii nitampa nani sijui. Huenda nikaituma kwa Packy aiweke pale ukutani, na mvua yenu imalizane nayo.

Packy alinieleza jinsi barua yangu ya mwisho ilivyofika. Ulikuwa huwezi tena kushika karatasi, kwa hiyo alikusomea yeye, Kiswahili chote, kama alivyoona herufi, bila kuelewa hata neno moja. Anasema ulicheka hadi nesi akaja. Alipofika kwenye soksi ukamshika mkono, ukamwambia kwa lugha yake, na hapo mkalia wote wawili. Namshukuru Mungu kwa hilo. Siku za mwisho nilikuona kwenye simu, umekonda, macho yamebaki makubwa kama ya utotoni, na ukaniuliza kama Dinny bado anazo. Nikasema anazo.

Mazishi yako pia niliyaona kwenye simu, katikati ya zamu, nimejifungia stoo ya mashuka. Walikubeba kuzunguka uwanja mzima. Sikurusha udongo. Kila mtu alirusha, hata yule kijana mwenye glavu zako, na mimi nilikuwa nimeshika shuka.

Leo ni Jumapili ya majina. Nilifika kwa Dinny mapema pamoja na Natasha, na Packy akanipigia kutoka katikati ya uwanja, akaiinua simu juu watu wote wanisikie. “Dinny Garvan. Nani amemwona?” Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, nimesimama juu yake, “Nimemwona.” Safari hii ilikuwa kweli, Gilbert, na nilimsikia Packy akivuta pumzi.

Majina yakaendelea. Lako lilikuwa la mwisho. “Gilbert Wanjala. Nani amemwona?” Wakajibu wengi, wanaume na wanawake, kwa pamoja, hadi simu ikakwaruza. Packy akangoja kidogo, nafikiri alikuwa ananingoja mimi. Natasha aliniangalia, akanigusa mkono.

Nilinyamaza, Kuka. Pale hawadanganyi, nami sijakuona.

Dada yako,
Velma