Hema la Bi Zuwena

Alkhamisi usiku.

Hema lenye kitanda, choo na kiyoyozi, huko jangwani mchangani. Salma, binti yangu, kanionesha kwenye simu. Anapanga twende Idi. Nikadhani hayo ndiyo maajabu.

Nikamwambia achukue dele la kahawa la marehemu mama yake.

"Liache, Baba. Bi Zuwena anakuja na lake."

"Zuwena gani?"

"Yule mjane wa mji wa Izki. Yeye na dada yake nimewakodia hema lao. We mtazame tu."

Nimevunja mawe umri wangu wote, sijapata kutafutiwa mchumba na mwanangu.

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ukauliza kama huyo Zuwena kahawa yake anaitia iliki.

Salma kacheka mpaka kakaa chini. Mie bado sijui nani aliyeuliza.