Kamba ya Jumamosi

Bunia, 9 Februari 2025

Mwanangu Prudent,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Natumaini mashimo ya dhahabu ya Bambu yamekuachia afya yako. Kwa kuwa simu yako iliingia maji, Adolphe atakuletea barua hii kwa pikipiki yake.

Daktari amempima binti yako Huguette. Uzito wake umezidi mno, na shinikizo la damu limempanda kama mtu mzima, naye ana miaka tisa tu. Parokia imeanzisha mazoezi ya watoto kama yeye kila Jumamosi. Muuguzi Bibiane ana sharti moja: mzazi aje. Wanakimbia pamoja, wanapika majani ya sombe kwa mafuta kidogo, kisha wanavuta kamba, kila mzazi nyuma ya mtoto wake. Mama yake tulimzika, na mimi na fimbo yangu siwezi kuvuta. Huguette anakaa pembeni, wenzake wakimcheka: "Weye, papa yako iko wapi? Ulimukula?"

Acha kutuma biskuti. Njoo wewe mwenyewe.

Baba yako,
Nicolas

Bambu, 2 Machi 2025

Baba yangu,

Nakusalimia kwa heshima. Goti yako inaendelea namna gani? Siye huku tuko wazima, ila mvua inajaza mashimo.

Usinikasirikie. Weye mwenyewe ulimuona Dany, kaka ya Huguette, kule kambini wakati tulikimbia vita ya Bule. Alibaki mifupa tu, tukamuzika. Nilijiapia mutoto aliyebaki hatalala njaa hata siku moja. Sasa munaniambia amenenepa kupita kiasi, na mimi nikisikia hivyo moyo unafurahi. Mungu anisamehe.

Nimemupa Adolphe biskuti tena. Pasaka nitakuja, nitavuta hiyo kamba.

Mutoto wako,
Prudent

Bunia, 16 Machi 2025

Prudent,

Salamu. Goti ni lile lile.

Biskuti zako nilizificha juu ya kabati. Huguette alizipata, akazila zote, akatapika. Nilipomkaripia, mimi babu yake, alinijibu: "Koko, hizi si chakula. Hizi ni za papa." Mimi niliyefundisha shule maisha yangu yote nilichukua kitambaa nikapangusa sakafu.

Anakwenda uwanjani kwa sababu tu nimemwambia utakuja. Amemwomba Bibiane akuwekee nafasi kwenye kamba, nyuma yake. Usinifanye mwongo mbele ya mtoto.

Baba yako

Bunia, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Leo sijui nikuulize vipi hali yako.

Adolphe alifika siku chache kabla ya Pasaka. Alisema mvua iliangusha shimo lenu na waliokuwa chini hawakutolewa. Hatujakaa matanga, kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili, na parokiani sijamwambia mtu. Barua hii Adolphe amekataa kuibeba. "Muzee, nitamupa nani?" aliniuliza. Nimeiandika hata hivyo.

Alileta mfuko wako uliokuwa umefungwa tayari kwa safari. Ndani yake hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na raba mpya za kukimbilia, za kipimo cha miguu yako.

Huguette aliziona akaelewa kabla sijafungua kinywa. Tangu siku hiyo hali chakula. Nikimwekea ugali anaufunika, anasema ameshiba. Gauni lake la kanisani sasa linamning'inia mabegani, na mimi namwona Dany.

Jana Bibiane alimpima, akamsimamisha mbele ya wazazi wote: amepungua kuliko wenzake. Walimpigia makofi. Wale waliomcheka nao walipiga. "Hongera, koko," Bibiane aliniambia, "hii ni familia inayoshiriki!" Nilimshukuru. Huguette alisimama pale akitazama kamba, hakutabasamu.

Tulipotoka nilipitia sokoni nikanunua biskuti, zile zile ulizokuwa ukituma. Nimeziweka mezani, si juu ya kabati. Nimemwambia ni za papa.

Hazijafunguliwa.

Baba yako