Kitufe cha Kijani

Jumatatu, 2 Juni

Wiki imeanza kwa simu ya muuguzi wa mapokezi, yule wa hospitali ya macho. Hakusalimia! Ameuliza kwa nini mzee mmoja kapangiwa upasuaji mara saba, na macho anayo mawili tu.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakumbuka aliyetengeneza fomu ile ni mimi.

Kisa chenyewe: mgonjwa akibonyeza kitufe cha mwisho, kiduara kinazunguka sekunde nane ndipo seva ijibu. Sekunde nane ni nyingi. Mtu anadhani simu imelala, anabonyeza tena. Na tena. Seva yetu, kwa adabu zake zote, inapokea kila ombi kama jipya.

Muuguzi hana utani safari hii. Daktari bingwa wa mtoto wa jicho anakuja tarehe kumi na sita, kwa wiki moja. Nafasi sitini. Akiondoka, mpaka mwakani. Muuguzi kasema nikimharibia orodha nitakuja kuisoma mwenyewe mbele ya wagonjwa.

Jumanne, 3 Juni

Nimegombana na Breki. Ndiye anayetunza seva, na jina kalipata kwa haki — hakuna wazo ambalo hajalisimamisha.

Hatukukosana kwa yote. Tumekubaliana kila ombi lipewe namba yake, mtu akibonyeza mara saba ihesabiwe moja. Vita ni kitufe. Mimi nasema: kigeuke kijani papo hapo, "Tayari, ombi limepokelewa", halafu programu itume yenyewe kimyakimya. Mtandao ukikataa, inajaribu tena. Mtu asikae anakodolea macho kiduara. Tena macho yenyewe mabovu!

Breki anataka kitufe kiwe kijivu, kiandike "Inatumwa, subiri", na kijani kije seva ikishajibu. Kasema, "Seva haijasema ndiyo. Wewe unasema ndiyo kwa niaba yake, nani kakutuma?" Nikamwambia mara tisini na tisa kwa mia seva husema ndiyo. Akauliza yule wa mia ni nani. Chai yangu ikapoa kwa hotuba.

Bosi katoka ofisini kwake, kabonyeza cha Breki, kasubiri, kapiga miayo. Kabonyeza changu — paap! Kijani. "Hiki," akasema, akarudi zake. Breki kahamisha kompyuta yake mpaka dirishani. Nami nimeimba kutwa nzima, kwa makusudi.

Alhamisi, 5 Juni

Kitufe kipo hewani! Muuguzi kapiga simu, na leo kasalimia. Watu wanasifu, hakuna majina yaliyojirudia. Kichwa kimevimba, mlango wa ofisi naingia kiubavu.

Limebaki moja dogo. Programu ikijaribu mara kadhaa na kushindwa, inatakiwa ioneshe maandishi mekundu. Nimeyaweka, yakasukuma fomu yote nje ya skrini kwenye simu ndogo. Vibaya kweli! Nimeyaondoa kwa sasa. Nimeandika kwenye karatasi ya njano nikaibandika ukutani, pamoja na wenzake kumi na wanne.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshinda kwa Mama. Ana mtoto wa jicho, na la kushoto limezidi. Fundi cherehani kwa miaka thelathini na tano, sasa anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa kwa mdomo. Vitambaa vya wateja kavirudisha vyote, bila kelele. Hilo limeniuma kuliko kama angelalamika.

Nikataka kumjazia fomu. Akaninyang'anya simu yake. "Kwani unanivusha barabara? Si umesema hata kipofu anaweza?" Akaingia nayo chumbani kwake kule nyuma, kwenye kiti chake. Akajaza jina, namba, jicho gani. Herufi moja moja! Akabonyeza. Kijani!

Akaizima simu palepale, akaitia kwenye droo — ndivyo afanyavyo, eti betri isichoke bure. Kisha akachukua simu ya mezani kumpigia mama mdogo: kapangiwa daktari, na kitufe katengeneza mwanawe mwenyewe, kwa mikono hii. Mimi nimesimama mlangoni najifanya sisikii. Nilifurahi mno.

Jumanne, 10 Juni

Nataka ardhi ipasuke.

Muuguzi kapiga asubuhi. Watu wanne wamefika kuulizia saa zao za upasuaji. Wote waliona kijani. Hakuna hata mmoja aliye kwenye orodha.

Breki hakucheka. Bora angecheka. Akavuta kiti, tukafungua kumbukumbu za seva pamoja. Jina na namba ya simu hutumwa kwanza, ukurasa wa kwanza, na hizo zimefika. Ombi lenyewe huja mwisho. Watu arobaini na mmoja walianza na ombi lao halikufika. Mtandao hafifu, wengine walizima simu mara tu walipoona kijani, ombi likafia humo humo. Na kwa nini wasizime? Nimewaambia tayari! Huku ofisini mtandao wetu unakimbia, ndimo nilimojaribia.

Nikashuka na majina. Wa kumi na saba, Mama. Simu kaitia kwenye droo nikiwa nimesimama pale pale.

Nafasi zilizobaki ni tisa.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nimebadilisha kitufe. Kijivu, "Inatumwa, subiri", halafu kijani cha kweli. Namba moja kwa kila ombi imepunguza kazi, sasa ni sekunde nne. Maandishi mekundu nayo yamerudi. Yanasukuma fomu pembeni — yasukume!

Muuguzi kaamua: tuwapigie wote arobaini na mmoja kwa mpangilio waliojaza. Anayetaka anapewa, mpaka tisa ziishe. Asiyepokea apigiwe mara tatu, ndipo tumruke. Kazi ya kupiga ni yangu. Sikubisha.

Lakini niseme ukweli hapa, ambapo hasomi mtu. Funguo za hifadhidata, inamokaa orodha ya daktari, ninazo. Mstari mmoja tu, Mama anakuwa wa hamsini na mbili, hakuna atakayejua. Niliuandika. Jina lake, jicho la kushoto, tarehe. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kuingiza mpaka skrini ikafifia yenyewe.

Breki alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. Kasema, "Mimi sijaona kitu." Kisha, akiwa anaondoka: "Ila wa kuulizwa ni mama yako, si seva. Ungemwambia kwanza."

Nimeufuta. Mama bado sijamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanza saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano, mlango nimefunga. Kila mmoja namwambia: kosa ni letu, ulioneshwa kijani na ombi halikufika. Wa kwanza kanitukana, na katukana vizuri. Wa tatu kanipa pole — hiyo imenikata zaidi. Wa tano alikuwa anajaribu tu, macho yake hayana neno. Wa tisa kauliza kwa upole, tulijuaje kuandika "limepokelewa"?

Saa tano sasa. Nimefika wa kumi na tano. Nafasi nane zimekwenda.

Imebaki moja.

Wa kumi na sita hapokei. Nimempigia mara mbili, inaita mpaka inakatika. Simjui, ni jina tu, na jicho la kulia. Anayemfuata ni Mama.

Nimekunywa maji. Breki kachungulia kioo, nikamwonesha kidole kimoja, akaelewa, akaondoka.

Napiga ya tatu. Nimeiweka simu mezani, sauti nje, ili mikono iwe na kazi ya kuandika. Inaita. Naomba asipokee. Nimeandika hivyo na sifuti. Inaita. Naweza kuikata sasa hivi na kusema hakupokea. Inaita —

Kapokea! Sauti ya mama mtu mzima, anahema, kama kakimbia kutoka uani. Nimejitambulisha, natoka mfumo wa hospitali ya macho. Hata sijamaliza.

"Ahsante mwanangu kwa kunikumbusha! Wala msiwe na wasiwasi, mimi nimeshajiandaa. Si mlishaniambia tayari —"