Kaseti ya Pili na Bantu Sita Nyuma ya Mulango

Kazi moja, Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1996

Minye niko na miaka 71. Nimezika bibi wangu wawili. Nimeona Wazungu banafunga masanduku, nimeona usine, kiwanda ya shaba, inazimika. Minye sijazimika.

Asubui kwa Mama Selestina kama kila siku. Mujane wa rafiki yangu ya kazi. Iko na tele mu salon, bantu banakuja kucheza michezo ya kaseti. Kiti ya mbele ni ya minye. Ile kaseti ya muntu wa bunduki anayelinda mine, shimo ya kuchimba, kwenye nyota ya mbali, mu Likasi hakuna aliyeimaliza, minye tu. Hakuna.

Leo Dédé amefika toka Kasumbalesa na kaseti ya pili ya ule mchezo. Anataka kubadilisha, atuachie ya pili, achukue ya kwanza. Mama amesema minye nijaribu mpaka siku ya Mungu, Jumapili, kisha niseme kama ni muzuri. Neno yangu njo itakata shauri.

Nikisema muzuri, kaseti yangu inaenda. Jibu niko nayo tayari.

Kazi mbili, tarehe 3

Nimecheza. Mubaya. Rangi nyingi, kelele nyingi. Bunduki sita, ya nini? Zamani ilikuwa moja, risasi ya kuhesabu, unafikiri mbele ya kupiga. Sasa unamwaga risasi kama maji. Ile minyama ya chuma inayoshambulia mine inakufa bila kujua nani aliiua.

Na mine yenyewe wameiharibu. Mu kaseti ya kwanza taa zinawaka, mikanda inazunguka. Mu ya pili waya zimeibwa, mashini zimefunguliwa vis zake, skrubu moja moja. Natoka mu Likasi, nakaa mbele ya tele, naona Likasi.

Kazi tatu, tarehe 4

Courant ya umeme ilikatika tangu asubui. Sikucheza. Nilitukana ukuta.

Kazi ine, tarehe 5

Nimefika kwa mulango ya mwisho. Siku mbili tu. Dédé alisema yeye alitumia wiki tatu. Bon.

Ni hivi. Umetega dinamiti mine yote ipasuke na minyama yote ndani. Saa inaanza kuhesabu. Alama inakuonyesha ngazi, panda, kimbia. Lakini nyuma ya mulango ya chuma bantu sita banagonga. Batumikaji wa mine. Unaona macho yao kwa kadirisha. Mu kaseti ya kwanza bote banatoka mbele yako, kisha unapasua. Hapa ukipanda unabaacha, tele inakupigia muziki, inakupa nyota tano.

Nyota tano ya kuua bantu.

Minye nilikuwa muntu wa dinamiti miaka 31. Hakuna muntu nilimuacha chini. Hata mumoja. Nilipiga ule mulango risasi zote, haukufunguka. Saa ikaisha, nikafa.

Kazi tano, tarehe 6

Nimekufa mara tisa. Nilipiga mulango kwa bunduki ya moto, kwa bunduki ya umeme, kwa zote sita. Salon yote inacheka. Dédé alisema, « Muzee, huyu wa tele haiko na mugongo inauma kama ya kwako. Umuache apande ngazi. » Walianguka chini kwa kucheka. Nilimuambia baba yake pia aliogopa chini ya mine, alikuwa anajificha mu choo. Ni kweli.

Mama Selestina peke yake hakucheka. Bwana yake nilimutoa minye mwenyewe, kwa mabega, ile siku maji iliingia mu mine.

Nilitupa manette ya kuchezea. Haikupasuka. Niko na hasira mpaka meno inauma. Nani alifikiri hii mchezo? Hajashuka chini hata siku moja.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 7

Mama kwa soko. Vijana bote Kamatanda, kuchimba. Nilibaki peke yangu na tele.

Vidole vilichoka. Nilifika kwa mulango, sikuwa na nguvu ya kupiga. Nikaangalia ile macho kwa kadirisha. Banarudi nyuma. Kila mara naelekeza bunduki, banarudi nyuma. Siku mbili sikuona.

Kwetu ilikuwa sheria. Unaenda kutafuta bantu chini, sanduku ya dinamiti unaiacha mbali, unaonyesha mikono mitupu. Bakikuona na sanduku, banakimbilia ndani zaidi.

Nikatafuta kwa manette fasi ya kushusha bunduki. Iko. Nikaishusha. Nikasimama tu.

Mulango ulifunguka toka ndani. Bakatoka. Sita. Bakapanda mbele yangu.

Kumbe muntu aliyefikiri hii mchezo alijua. Mujinga wa mulango alikuwa minye, minye na bunduki zangu.

Hakuna muntu aliona. Ningenyamaza, niseme mubaya, kaseti yangu inabaki. Nimekaa na hii bongo, hii uwongo, mu kinywa mpaka jioni. Inaonja kama vumbi ya chokaa ya Kakontwe.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Kisha misa nilimuita Mama Selestina na Dédé. Nilisema bunduki ni nyingi, kelele ni nyingi, sibadilishi neno. Kisha nikacheza mulango ya mwisho mbele yao. Dédé alikaa chini polepole. Yeye alicheza wiki tatu, mwisho akaua bale sita.

Mama aliniuliza, « Baba Yulita, sasa ni muzuri ao ni mubaya? »

Nilisema, « Banatoka. »

Dédé ameenda na kaseti ya kwanza mu mufuko ya koti. Nilimufungia mwenyewe na karatasi, isiingie vumbi.

Kama muntu atasema ni bongo, aulize Mama Selestina. Alihesabu kwa vidole, moja mpaka sita. Alipofika sita alizima tele, akaenda kuweka maji ya chai.