Kisima Wanachotaka Kukipa Jina Lako

Baba,

Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba kanisa litachimba kisima kipya na kukipa jina lako. Mama alilia kwa furaha. Mimi niliwatazama wazee wa kanisa, wale wale waliokuvua uzee, wakipiga makofi kuliko watu wote.

Na unajua watakichimba wapi? Nyuma ya jikoni la kanisa. Pale pale, karibu na kile cha zamani.

Kile cha kwanza wewe ndiye uliyekihangaikia. Ulikuwa umestaafu reli, tumetoka Makongeni tumehamia huku Lucky Summer, na mifereji ya maji majumbani ilikuwa ikikaa kavu wiki nzima. Ulisema kanisa lisiloweza kumpa jirani maji lina kazi gani. Yalipotoka ulinawa uso mbele ya watu huku ukicheka. Sijawahi kukuona umefurahi vile.

Ndiyo maana iliniuma kukuonyesha ramani. Ofisi ya maji ninakofanya kazi ilikuwa imenipa kazi ya kukadiria ni visima vipi vya mitaa yetu viko hatarini, na nilikuwa nimeingiza kwenye kompyuta rekodi za wachimbaji, tabaka za mawe kutoka juu hadi chini, mteremko wa ardhi, na vyoo vyote vya shimo tulivyozunguka kwa miguu tukivihesabu. Programu ikapaka rangi, nyekundu penye hatari. Ulivaa miwani, ukaweka kidole kwenye doa jekundu, ukauliza, "Hapa ni wapi, mama?" Uliniita hivyo siku zote kwa sababu nina jina la mama yako. Nikakuambia ni kanisani.

Hukukasirika. Ulisema, "Nieleze polepole." Nikakueleza kwamba mwamba ulio chini ya kanisa una nyufa, nyufa zenyewe zinatoka upande wa ploti za juu zenye vyoo, na kisima chetu hakikwenda chini vya kutosha. Nikasema pia kwamba ramani haiwezi kuapa kuwa maji ni machafu, inaonyesha tu kwamba uchafu una njia.

"Basi tuyapime," ukasema.

Maabara ikakuta vijidudu vya choo.

Uliwapelekea wazee majibu ukidhani watashukuru. Mmoja akakuambia binti yako amesoma mpaka amemsahau Mungu. Mchungaji akasema maji yale yaliombewa. Ukaenda ukafunga pampu kwa kufuli lako mwenyewe, wakalikata, kisha wakakuvua uzee, ukawa unakaa benchi la nyuma katika kanisa ulilolijenga kwa mikono yako. Vijana wakaniita dem wa ramani, msichana asiyejua ila ramani. Baadaye watoto wakaugua homa ya matumbo, watu wa afya wakaja wakakifunga kisima, na hakuna hata mmoja aliyefika nyumbani kukuomba radhi. "Watakuja," ulikuwa ukisema. Kiharusi kilikuchukua ukiwa bado unawangojea.

Walikuja, Baba. Walikuja hadi nyumbani kwetu Bungoma kwenye mazishi, na mchungaji akasoma habari za mzee aliyewaletea maji. Kufuli hakulitaja.

Baada ya tangazo la Jumapili nilirudi kwenye kompyuta, nikaingiza kina cha kisima kipya wanachokipanga. Bado ni pekundu. Nikampelekea mchungaji. Aliitazama ramani kidogo, akairudisha mezani. "Wafadhili wameshakubali mahali, Nekesa. Tusiwavunje watu moyo."

Nikamwambia wachimbe, lakini jina la baba yangu waliondoe. Nikamwambia walikuwa na nafasi ya kulitaja kwa heshima ulipokuwa ukilisikia.

Alimpigia Mama simu kabla sijafika nyumbani. Mama aliniambia, "Unamnyang'anya baba yako heshima hata akiwa kaburini," na tangu hapo ananipakulia chakula kisha anaenda kula chake peke yake jikoni. Simlaumu. Anataka kuliona jina lako limeandikwa mahali. Hata mimi ningependa kuliona kwenye ukuta wa kisima, Baba. Ningependa sana. Lakini mtoto akiugua tena, watasema ameugua kwa maji yako.

Leo asubuhi wamenitumia ujumbe. Kisima kitaitwa Neema. Mtambo unaletwa wiki ijayo. Mahali hapajabadilika.

Lala salama, Baba. Nisamehe kama nimekukosesha ukumbusho. Nakuahidi hivi: maji yakitoka nitayapima, mvua kubwa zikinyesha nitayapima tena, na majibu sitawapelekea wazee. Nitayapeleka mlango kwa mlango, kwa akina mama wenye mitungi. Wewe ulikuwa na subira ya kungoja watu waje. Mimi sina.

Binti yako,
Nekesa