Kitambaa cha Bibi na Amplifaya ya Kaka

Shangazi Mariana,

Shikamoo. Ninachokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata ninayekaa naye dawati moja, kwa hiyo jina langu tafadhali lifiche: mimi ni mvulana wa kidato cha tatu hapa Sumbawanga, na ninafuma vitambaa. Vile vya kroshia, vya kwenye makochi. Nilianza kwa kumhesabia Bibi vitundu macho yake yalipoanza kufifia, nikaja kumalizia safu, sasa nafuma kizima mlango ukiwa umefungwa, na wageni wakija wanamsifu Bibi, naye anajibu "Alhamdulillahi" anaendelea kunywa chai.

Sasa shida yenyewe ni kwamba kaka yangu Faruk ana Noah ya kukodisha, kafunga amplifaya nyuma ya kiti cha mwisho, na kwa kuwa kwetu kila kitu kina kitambaa, televisheni ina chake, friji lina chake, hata mtungi wa gesi umevaa, nikaona hiyo amplifaya itakula vumbi bure, nikaifumia koti la uzi mzito limeibana pande zote kama soksi, Faruk akafurahi mno akijua ni mkono wa Bibi, na tangu hapo, Shangazi, inajizima. Inapiga vizuri, ukiongeza sauti, muda si mrefu taa nyekundu inawaka, kimya. Ukiiacha ipumzike inarudi, halafu inazima tena. Tulienda Pito kuchukua maharage, tukarudi kimya kama tunatoka msibani.

Faruk kairudisha mara kadhaa kwa fundi Obedi aliyemuuzia, na kila mara anavua kitambaa kabla hatujafika ili kisichafuke, Obedi anakagua, anawasha, inapiga mchana kutwa, kisha njiani Faruk anaivalisha tena kwa adabu zote, na kabla hatujafika nyumbani imekata. Mara ya mwisho Faruk alimwambia mbele ya wateja, "Fundi, umeniuzia boksi. Harusi ya dada yangu ikiharibika nitakutangaza stendi nzima." Tulipokuwa tunaondoka Obedi alinishika bega akaniuliza taratibu, "Dogo, kwangu haizimi. Huko kwenu mnaifanyaje?"

Nikakimbilia kufungua mlango wa Noah.

Nadhani najua, Shangazi. Siku Mama alipokifua pamoja na vile vya makochi tulienda Namanyere na kurudi, muziki haukukata. Nilijaribu kukificha, Faruk akagombana na kijana wa kuosha magari kwamba kaiba kazi ya Bibi, nikakirudisha. Mwisho wa mwezi dada Sauda anaolewa Namanyere, Noah ndiyo itaongoza msafara kwa muziki, na nikisema kitambaa ndicho kibaya nitamvunjia Bibi heshima, nikisema ni changu Faruk atacheka mpaka shuleni wajue, nikinyamaza Obedi anaharibiwa jina, nifanyeje, maana hata sasa nasikia ndala za Faruk ukumbini zinakuja huku, karatasi hii naitia kwenye kapu la nyuzi, humo hakuna mwanaume anayeti

*

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekatika katikati ya neno, na bahasha imefika na kipande cha uzi wa kijani kimenata kwenye gundi. Mficha siri gani wewe? Umeniomba nifiche jina lako, kisha ukamwaga ya ukoo mzima. Nimeyabadili yote.

Nimemsomea fundi mmoja wa hapa jirani, akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Amplifaya ikipiga inapata joto, na ule mgongo wake wa chuma wenye mifereji ndio unaolitoa nje. Wewe umeivalisha sweta. Ikizidiwa inajizima isiungue, ikipoa inarudi. Si mbovu hiyo, imechoka na joto. Vumbi lifute kwa brashi.

Sasa sikiliza. Kufuma si aibu. Shati lako la shule kashona mwanaume, na hukumcheka. Lakini hapa aibu yako anaibeba Obedi: wewe unafunga mlango, yeye anatukanwa mlango ukiwa wazi. Hapo sikuhurumii hata kidogo.

Anza na Bibi, mkiwa wawili, kabla chai haijapoa. Na usiniambie habari ya kumvunjia heshima. Huyo bibi yako anajua fika macho yake hayaoni vitundu, na sifa kazipokea miaka yote bila kukohoa. Mwombe yeye ndiye aamuru kitambaa kivuliwe, Faruk hatabisha. Kisha Faruk awashe muziki kitambaa kikiwa juu mpaka ukate, akivue, aguse pale mgongoni kwa kidole. Atakiondoa haraka kuliko utakavyomaliza sentensi. Hapo hapo mwambie nani kafuma. Atacheka, mwache acheke, ndiye aliyeisifu kazi hiyo. Akimaliza kucheka mwende wote kwa Obedi mkamtake radhi, na mwende wateja wakiwepo, kwa kuwa alitukanwa wakiwepo.

Ikizima tena ikiwa wazi, Obedi aangalie waya wa hasi kama umekaza kwenye chuma cha gari kilichokwanguliwa rangi, na nyaya za spika zisiguse bodi ya gari. Na siku ya harusi msiirundikie mabegi ya bi harusi, maana nawajua.

Kitambaa chenyewe kivisheni kichwa cha kiti atakachokalia Sauda. Akiuliza mtu kafuma nani, ujibu wewe.

Ukishamaliza hayo, makochi yangu yana vitambaa vilivyochakaa. Napenda rangi ya maziwa. Redio yangu iache uchi.

Shangazi Mariana