Misumeno Mitatu Haichezi Ngoma

"Umma hauwezi kukosea. Msumeno uliovuta watu wengi ndio msumeno bora."

Hayo ni maneno ya Ndugu Deogratias, katibu wa kijiji chetu, aliyoyatamka leo mchana mbele ya watu wazima wenye masikio. Nimesoma magazeti, nimesoma vitabu vya siasa, nimesoma hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Sijapata kukutana na upuuzi uliochana nywele vizuri kama huu.

Leo ni Jumamosi. Joto la kubana tangu asubuhi, mawingu meusi yamelala juu ya ziwa, hayaji wala hayaondoki. Hayo mawingu ndiyo yanayonikosesha raha.

Bwana Miti wa wilaya alituletea misumeno mitatu ya mashine tuijaribu. Jumatatu Landrover yake inarudi. Tunabaki na mmoja, miwili inakwenda vijiji vingine. Kwa huo mmoja tutakata mikaratusi ya mlimani tuezeke zahanati. Kuta zake zimesimama kichwa wazi, za matofali mabichi, na mvua ikizikuta hivyo zitarudi kuwa tope. Tope hilo mke wangu alilikanyaga kwa miguu yake, kiangazi kizima. Sitaki kumwona akilikanyaga tena.

Nilipendekeza tupime mambo matatu tu: uzito, namna msumeno unavyoshikika, na kama unawaka ukiambiwa uwake. Mtu mzima yeyote angetosheka.

Lakini Deogratias ni Mhaya aliyezipenda ngoma zetu kuliko sisi wenyewe. Kwetu Usukumani vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kikundi kilichovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Hakuna mwamuzi, miguu ya watu ndiyo inayoamua. Katibu akasema, huu ndio ujamaa wenyewe! Basi na misumeno tuipime hivyo hivyo.

Watu wakashangilia. Nami nilikuwa peke yangu tena, hali niliyokwisha kuizoea.

Kikundi cha ngoma cha Masanja kikachukua msumeno mwekundu. Kikundi cha wapinzani wake kikachukua wa kijani. Wa kijivu ulibaki bila ngoma, nikapewa mimi na shemeji yangu Shija, labda kwa sababu hakuna anayetegemea sisi wawili tuvute hata kuku.

Wakati tunapanda mlima nilimwona Masanja akiunyunyizia msumeno wake maji ya kibuyu. Ni dawa ya mvuto, ile wanayojipaka wachezaji. Nilimwambia msumeno unataka oili.

"Oili ni chakula, Baba Kabula," akanijibu. "Hii ni nyota."

Sasa niandike matokeo, maana hakuna mwingine atakayeyaandika.

Wa kijani ni mwepesi, unaubeba kama jembe. Lakini ukiwaka unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Yule aliyeushika alikata miti miwili, akaketi kula, na tonge likawa linampita mdomo kulia na kushoto. Mkewe alimlisha kwa mkono wake, mbele ya kijiji kizima.

Mwekundu ni mzito kama ndama. Mbele una uzito, nyuma hauna, kwa hiyo unakuinamisha kama unasalimia wakwe. Na unazimika. Ulikata mti mmoja nusu, ukazimika. Ukavutwa kamba, ukanguruma, ukatoa moshi, ukazimika.

Wa kijivu uko katikati ya hiyo miwili. Unakaa mkononi umetulia, Shija aliuvuta kamba mara moja ukawaka, akaanza kukata. Akakata. Akaendelea kukata.

Na hapo ndipo tulipoangamia.

Msumeno unaokata hauna cha kutazama! Mti wa kwanza watu walisema "aa". Mti wa tatu walianza kupiga miayo. Huku kwa Masanja msumeno umekufa, na msumeno uliokufa ni mali ya kila mtu. Mmoja anasema plagi, mwingine anasema petroli ina maji, bibi mmoja anasema umeonewa kijicho. Kijiji kizima kilihamia kule kutoa ushauri. Akabaki mtazamaji wetu mmoja, naye alikuwa amelala.

Deogratias akapiga filimbi, akatangaza mshindi: mwekundu. Akaongeza lile neno lake kuhusu umma.

Sikuvumilia. Nilipanda juu ya kisiki nikaanza. Sikumbuki yote niliyosema, ila najua nilitaja wakoloni, makuli wa bandarini na migongo ya wafanyakazi wa dunia nzima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, Baba Kabula ameshapanda!" Wakaja mbio. Wanawake walishusha kuni wakakaa juu yake. Hata Masanja aliacha kuvuta kamba, akaja kusimama mbele kabisa, mikono kiunoni, anachekelea. Kwenye msumeno mwekundu hakubaki hata nzi.

Shija, ambaye kwa siku husema maneno machache kuliko jogoo, akaunyanyua msumeno wa kijivu juu ya kichwa chake.

"Ndugu Katibu, hesabu watu! Wako kwetu."

"Aka! Hao hawakuja kwa msumeno," Deogratias akafoka. "Wamekuja kumtazama shemeji yako akitukana!"

Nilimwomba arudie, kwa adabu ambayo sijamwonyesha tangu tufahamiane. Hakurudia. Alikuwa amekwisha kusikia mwenyewe alichosema: kwamba watu hukusanyika kwa sababu nyingi, na ubora wa msumeno si mojawapo.

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Deogratias akafuta jasho, akasema shauri litapelekwa kwenye kamati kesho, baada ya kanisa. Akageuka kushuka mlima. Nilimwona naye anacheka, mgongo ulikuwa unamtingishika.

Lakini kamati ni kamati. Wajumbe sita, na wanne wanacheza katika kikundi cha Masanja.

Kwa hiyo nawaambieni nyinyi wanne, na maneno haya nitayasoma kesho mlangoni kabla hamjaketi: msipige kura mkiwa mmekaa. Kila mmoja wenu aubebe ule mwekundu kutoka ofisini mpaka kwenye mikaratusi, peke yake, bila kuutua. Akifika auwashe. Ukiwaka, akate mti mmoja mpaka uanguke. Atakayeshuka na mti wake apige kura anavyotaka, nami nitanyamaza mwezi mzima. Atakayeshuka mikono mitupu anyooshe mkono mmoja kwa ule wa kijivu, kisha aende akamsaidie Shija kubeba miti ya paa.